Oyee: Ukelele wa Shangwe katika Mwambao wa Uvira

Oyee ni ukelele wa shangwe unaotolewa na watu wengi kwa pamoja ili kumtukuza mtu, kundi au jambo. Nchini Kongo huandikwa kwa namna ya Kifaransa, oyé; ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma na Tanzania nzima, wengi huanza na h: hoyee. Umbo lake halibadiliki. Halina wakati uliopita wala ujao, na halipokei kiambishi cha ngeli yoyote. Linahitaji mambo mawili tu: jina la kutanguliza na watu wa kuitikia. Anayeongoza hutaja jina, akavuta oyee ya kwanza. Umati hurudisha oyee ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, mikono ikiwa juu. Asiye na wa kumwitikia hana oyee.

Ipo kanuni nyingine ambayo watu hawaisemi kwa sababu kila mmoja anaijua. Jina linalotangulia huwa la mwingine. Bibi arusi hajipigii oyee, wala mwanafunzi aliyefaulu, wala mchungaji aliyetimiza miaka mingi ya utumishi. Mwenye sherehe hunyamaza, pengine huinua mkono kidogo. Wenzake ndio wanaomtaja. Kanuni hii ndogo inaeleza sehemu kubwa ya yaliyolipata neno lenyewe katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika.

Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo, umejinyoosha kati ya milima na maji, kuanzia Kavimvira, mpakani mwa Burundi, hadi bandari ya Kalundu. Mji huu umekusanya Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge, Warundi na wengine wengi waliofuata samaki, biashara au usalama. Burton na Speke walifika hapa kwa mitumbwi mwaka 1858 wakakuta tayari ni mahali pa biashara, na Kiswahili kilichokuja na wafanyabiashara wa Ujiji kimebaki kuwa lugha ya soko, ya shule na ya mahubiri. Nyumbani kila kabila lina namna yake ya kushangilia. Wanawake wa ukoo mmoja wanajua wenyewe jinsi ya kuzungusha ulimi. Lakini penye mkusanyiko wa watu wa makabila matano panahitajika ukelele usio wa nyumba ya mtu. Oyee ilikaa hapo vizuri, kwa kuwa mtu hahitaji kujifunza lugha yoyote ili aitikie.

Kabla oyee haijawa ukelele wa chama tawala, wazee wa mwambao walisikia ukelele mwingine wenye umbo hilohilo la mwito na mwitikio. Mei 1964 waasi walioitwa Simba, waliokuwa chini ya Gaston Soumialot, waliuteka Uvira, kisha vita vikashuka kusini kuelekea Fizi. Ukelele wao ulikuwa “Mai Mulele”, yaani maji ya Mulele, kwa jina la Pierre Mulele aliyeongoza uasi wa Kwilu upande wa magharibi ya nchi. Waliamini kwamba aliyepewa dawa na kushika miiko yake, risasi zingegeuka maji mbele yake. Ukelele huo uliwapa vijana wadogo ujasiri wa kuzikabili bunduki za mashine, na uliwatisha wanajeshi hata wakakimbia kabla ya kushambuliwa. Ulikuwa pia ukelele wa mauaji. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka na Fizi, waliuawa wamisionari watatu wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yaani Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri Mkongo, Albert Joubert. Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, katika misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita, na bado katika familia nyingi za Fizi maneno hayo mawili, Mai Mulele, hayatamkwi kwa mchezo. Ukelele wa pamoja humfanya mtu kuwa zaidi ya alivyo, kwa wema na kwa ubaya, na anayeuongoza amebeba dhamana ya watakachofanya wanaomwitikia.

Oyee iliyobaki kwa wingi zaidi katika kumbukumbu za Uvira ni ile ya miaka ya Zaire. Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na chama chake, MPR, kikazaliwa mwaka 1967. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka uliofuata majina ya ubatizo ya Kizungu yakakatazwa, suti na tai zikapisha abakosti, koti lisilovaliwa na tai, na bwana na bibi wakawa wote sitwaye, yaani raia. Kuanzia 1974 katiba iliifanya MPR kuwa taasisi ya pekee ya taifa, na kila Mzairi alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa kwake. Mtoto wa mtaa wa Mulongwe au wa Kalundu aliingia chamani kabla hajapewa jina.

Ni katika miaka hiyohiyo Mobutu alipozuru China, Januari 1973, akarudi huko mwishoni mwa 1974 na kufika Korea ya Kaskazini. Viwanja vilivyojaa maelfu ya watu wakicheza kwa mpangilio mmoja, wote wakimsifu kiongozi mmoja, vilimvutia sana. Nyumbani Zaire, jambo hilo likawa animasyo: kuimba, kucheza ngoma na kupiga oyee kwa ajili ya chama na rais, kama sehemu ya kazi ya kila siku. Shule zilikuwa na vikundi vyake, ofisi vilevile, na mashirika pia. Fundi na karani walicheza kwanza, ndipo wakashika vifaa vyao.

Waliosoma primeri Uvira katika miaka ya 1970 na 1980 wana kumbukumbu zinazofanana kwa namna ya kushangaza. Asubuhi mistari inapangwa mbele ya bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge. Wimbo wa taifa unaimbwa. Kisha direkta, au mwanafunzi mkubwa aliyechaguliwa kwa sauti yake, anataja jina la rais na kuvuta oyee, na uwanja mzima unajibu. Mwalimu anapita taratibu kati ya mistari, akitazama midomo. Watoto waligundua mapema sana kwamba mwalimu anaweza kuuona mdomo lakini hawezi kuisikia sauti ya mmoja katikati ya mia tatu. Basi wapo waliofungua vinywa wasitoe kitu. Si kwamba walikuwa wapinzani wa serikali. Mtoto wa miaka minane hana siasa. Walikuwa wamechoka, au wana njaa, au wamekasirishwa na jambo la nyumbani, na hiyo ndiyo nafasi pekee waliyobakiziwa ya kuamua jambo lao wenyewe.

Haki inadai isemwe kwamba furaha ilikuwepo. Ngoma zilikuwa nzuri. Wanawake waliofunga vikwembe vyenye picha ya rais walicheza kwa ufundi mkubwa, na watunzi wa nyimbo za animasyo walikuwa na kipaji ambacho wengi wao walikipeleka baadaye katika kwaya za makanisa. Nyimbo hizo ziliwafundisha watoto wa mwambao kwamba Kamanyola, kituo kidogo cha bonde la Ruzizi ambako magari ya Bukavu yanasimama, ndipo Mobutu aliposhinda waasi mwaka 1964. Jina hilo likawa la divisheni ya jeshi iliyofunzwa na Wakorea wa Kaskazini, na la meli ya rais kwenye mto Kongo. Mtoto aliyewahi kula ndizi za kuchoma Kamanyola alijisikia kuwa jirani wa historia. Anayesema leo kwamba yote yalikuwa uongo anawadhulumu waliocheza kwa moyo.

Ubaya ulikuwa katika amri. Mgeni mkubwa alipotazamiwa kutoka Bukavu, madarasa yalifungwa, watoto wakapangwa kandokando ya barabara tangu asubuhi, matawi mikononi, jua likiwapiga. Msafara ungeweza kufika alasiri, ukapita kwa kasi, na wengi wasiuone uso wa waliyekuwa wakimshangilia. Oyee ilitolewa hata hivyo, maana orodha ya mahudhurio ilikuwepo. Watumishi wa serikali nao walijua kwamba kukosa animasyo kunaandikwa, na kinachoandikwa huonekana siku ya kupandishwa cheo. Baada ya miaka kadhaa ya namna hiyo, watu wazima wa Uvira walikuwa wamejifunza kutenganisha sauti na moyo, na ujuzi huo, ukishapatikana, haumtoki mtu kwa urahisi. Mzazi aliyepiga oyee saa moja asubuhi alirudi nyumbani akazungumza kwa sauti ya chini kuhusu mshahara usiotosha, na watoto wake wakasikia sauti zote mbili.

Ndugu wa oyee katika miaka hiyo alikuwa salongo. Ni neno la Kilingala lililojengwa juu ya kitenzi cha kufanya kazi, na likawa jina la kazi ya pamoja ya Jumamosi: kufyeka majani, kuzibua mifereji, kufagia soko. Kwa mji kama Uvira, ambao mito yake inashuka kwa nguvu kutoka milimani na kupita katikati ya nyumba, wazo lenyewe lilikuwa jema kabisa. Lakini lilikuja kama amri ya komisera wa zoni, yaani mkuu wa eneo. Asiyetokea alitozwa faini au aliwekwa ndani, na wenye uwezo walilipa wasionekane. Neno lililotungwa kuwatia watu ari likaanza kusikika kama tishio.

Neno la Kimarekani lililopita njia inayokaribiana na hiyo ni gung ho. Lilitoka China, ambako mwaka 1938 vyama vya ushirika vya viwanda vidogo vilianzishwa kuwapa kazi watu waliokimbia vita vya Wajapani. Gung ho ilikuwa kifupi cha jina la vyama hivyo kwa Kichina, na mmoja wa wajenzi wake wakubwa alikuwa Rewi Alley, mzaliwa wa New Zealand. Evans Carlson, afisa wa kikosi cha Marines cha Marekani, aliviona vyama hivyo alipokuwa China. Mwaka 1942 alipopewa batalioni ya kuongoza, aliifanya gung ho kaulimbiu yake. Akafuta sehemu ya fahari za maafisa, akaitisha mikutano ambayo askari wa chini aliweza kuuliza na kusema, akaeleza kwa nini wanapigana. Mwaka 1943 ilitoka filamu yenye jina hilo, na raia wakaanza kulitumia. Leo Wamarekani humwita gung ho mtu mwenye ari kubwa ya jambo, na mara nyingi lawama imo ndani yake: huyu ana ari asiyoipima. Tofauti na salongo iko mwanzoni kabisa. Askari wa Carlson walielezwa sababu kabla ya kuitwa. Wafagiaji wa Uvira waliitwa kwanza, na sababu wakaachiwa waikisie. Maneno yote mawili yalianza na maana ya kufanya kazi kwa pamoja, lakini la kwanza lilipendwa hata likapita kiasi, na la pili likaogopwa.

Zaire pia iliipa Marekani ukelele. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alipambana na George Foreman mjini Kinshasa, na umati ulimwitia “Ali, boma ye!”, Kilingala cha kumwambia amuue mwenzake. Maneno hayo yalivuka bahari na hadi leo yanajulikana kwa mashabiki wa ndondi wasioweza kuuonyesha mji wa Kinshasa kwenye ramani. Pambano lenyewe lilipangwa kwa fedha na fahari ya serikali, lakini hakuna aliyeuamuru umati umpende Ali. Ulimpenda kwa tabia yake, kwa kuwa alitembea mitaani akazungumza na watu. Ndiyo sababu ukelele ule umeishi, wakati sifa nyingi zilizotungwa na ofisi za chama mwaka huohuo zimesahauliwa na hao waliozitunga.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Animasyo ilififia upesi kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Hapakuwa na haja ya kuipiga marufuku. Asubuhi fulani mistari ya shule ilipangwa, wimbo ukaimbwa, na watoto wakaingia darasani. Walimu wa wakati huo husema kilichowashangaza ni ukimya. Mwishoni mwa Oktoba 1996 majeshi ya waasi wa AFDL yaliuchukua Uvira, na tarehe 17 Mei 1997 kiongozi wao, Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa ameishi miaka mingi katika maficho ya milima ya Fizi, akajitangaza rais. Alizungumza Kiswahili mikutanoni. Oyee ikarudi, safari hii kwa jina la Mzee, kama Kabila alivyoitwa, na katika miezi ya kwanza wengi waliitoa bila kusukumwa, maana walitaka kweli kuamini. Agosti 1998 vita vya pili vya Kongo vikaanza. Mwisho wa mwaka huo mamia ya raia waliuawa Makobola, kusini kidogo ya Uvira. Katika miaka iliyofuata mwambao ulishangilia kidogo sana, na aliyeitisha mkutano wa hadhara alipata watu wa kukaa kimya.

Uchaguzi wa tarehe 30 Julai 2006 ulileta kampanye, na kampanye ikaleta oyee ya aina mpya. Hakuna tena orodha ya mahudhurio. Kuna tisheti, kuna kikwembe cha chama, kuna noti kidogo inayoitwa ya transporti. Kijana anaweza kumpigia oyee mgombea mmoja asubuhi mtaani Kasenga na mwingine alasiri Kalundu, akiwa amevaa tisheti ya wa tatu. Wazee wa animasyo huliona jambo hili kwa huzuni, na baadhi yao husema hakuna kilichobadilika. Hilo si kweli kabisa. Kijana huyo anaweza kutokwenda, na hakuna atakayemwandika. Lakini mgombea anayehesabu oyee alizozilipia kisha akashangaa kura ni chache, anarudia kosa la chama cha zamani: amedhani kwamba sauti ya watu na nia yao ni kitu kimoja.

Ukelele wenyewe haukufa, kwa sababu haukuwa mali ya chama tangu mwanzo. Asiyeamini aende Uvira siku matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekonderi, yanapotoka. Zamani majina yalisubiriwa redioni, familia nzima ikiwa imeinama karibu na spika. Siku hizi yanaingia kwenye simu. Mtu mmoja anapiga kelele ndani ya ua, na kabla hajamaliza kusema asilimia aliyopata, majirani wamefika na pudre. Ni pudre ileile ya watoto wachanga, nayo humwagwa kichwani, usoni, shingoni, mpaka mwenye diploma anakuwa mweupe kabisa. Mama anaitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani oyee, na mtaa unajibu. Hapo kanuni ya zamani inaonekana tena ikiwa nzima: aliyefaulu hasemi kitu. Anacheka, anakohoa kwa vumbi la pudre, anabebwa. Hakuna direkta wala komisera, na hakuna anayetazama midomo.

Inasikika vilevile timu ya taifa inaposhinda, kama ilivyosikika Leopards walipolitwaa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2009 na tena 2016. Husikika makanisani, ambako “Yesu oyee” huwaamsha waumini kati ya mahubiri na matoleo. Baadhi ya wachungaji wazee hawaipendi, wakisema jina hilo linastahili heshima ya namna nyingine kuliko la mwanasiasa, na hoja yao ina uzito kwa watu waliokulia katika animasyo. Waumini vijana, ambao hawakuijua Zaire, hawaoni tatizo.

Salongo nayo imebaki, ikiwa na sifa zake zote mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kazi ya kufukua tope baada ya mafuriko kama hayo ndiyo salongo katika maana yake ya kwanza, na jirani huifanya kwa ajili ya jirani. Jumamosi nyingine, isiyo na msiba, neno hilohilo likitangazwa kwa spika ya manispaa, wapo wanaofunga maduka shingo upande na kuhesabu saa.

Waliokuwa wakiongoza animasyo Uvira, yaani waimbaji, wapiga ngoma, walimu wa kupanga mistari, sasa ni watu wa miaka 60, 70 na zaidi. Nyimbo na mbinu zao zimo vichwani mwao tu, na kwa kuwa miaka ile inawatia haya wengine, hawazisimulii mpaka waulizwe. Mwalimu wa historia mwenye simu inayorekodi sauti, kijana wa kwaya, mwandishi wa redio ya mji: yeyote kati yao anaweza kuketi na mzee mmoja alasiri moja na kumuuliza aliimba nini, nani aliyemfundisha, na siku gani aliimba kwa hiari yake. Waulizwe sasa, wakiwa bado wanakumbuka.